Kaimu wa Bendi Nane

4 Februari

Kaka,

Mimi ni mzima. Mgonjwa alikuwa uzi wa pili wa gitaa, na huyo nimeshambadilisha. Natumaini wewe, wifi na Baba hamjambo.

Habari ya kwanza: Watulivu wamevunjika. Usinipe pole, maana hata wenyewe hawakupeana. Mpiga ngoma alimwoa dada wa mwimbaji, mwezi haukuisha mashemeji wakagombania kiti cha mbele kwenye gari la vyombo, na ilipofika Ijumaa hapakuwa na bendi wala gari. Kwangu hiyo ni ya nane. Wifi aliwahi kuniuliza kama sioni haya kuhamahama hivi. Mwambie nimeondoka bendi moja tu kwa miguu yangu. Hizo nyingine zimenifia mikononi.

Na nimezipenda, usidhani sikuzipenda. Ile ya kiwanda cha sabuni tulipiga saa ya chakula cha mchana, wasikilizaji wakitafuna, na hakuna sifa kubwa kama mtu kusahau kijiko hewani. Nyota Tatu walikuwa watu watano, na mpaka leo hakuna aliyekubali kusema ni wawili gani ambao si nyota. Kuna moja ilidumu harusi nne, moja ilikuwa na wapiga solo watatu na haikuwa na mtu wa kunyamaza. Kote nimeingia kwa mlango uleule: mpiga besi kaugua, kasafiri, kakasirika, naitwa nimshikie nafasi. Ndiyo maana naitwa Kaimu, na jina limeniganda. Asubuhi nipewe kanda, jioni nazijua nyimbo kumi na mbili, na mwenye nafasi akisikiliza kutoka kitandani kwake anadhani ni yeye anayepiga. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi hulikuta mlangoni likinisubiri.

Najisifu, najua. Nikimwachia nani kazi hiyo?

Habari ya pili itakuchekesha. Kapteni ameniandikia. Ndiyo, Kapteni yuleyule, yule niliyemwacha miaka kumi na moja iliyopita. Anaikusanya bendi yake ya zamani wakarekodi nyimbo mpya, na vidole vya Mpole, mpiga besi wake, vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo. Kwa hiyo ananitaka mimi nikae nafasi ya Mpole. Tena! Nilicheka mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama nimepata mchumba.

Jibu langu ni hapana. Unajua alichonifanyia.

Msalimie Baba. Mwambie cherehani inafanya kazi.

Mdogo wako,
Kaimu


15 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako, nikamsomea wifi yako zile sehemu zinazosomeka. Sisi hatujambo. Kazini tunaendelea; wiki iliyopita tulichapa kadi mia tatu za harusi zenye jina la bwana harusi mara mbili na jina la bibi harusi hakuna. Kijana wa mashine anasema hata hivyo ndivyo ndoa zilivyo siku hizi. Tumezirudia zote.

Baba anatembea kwa fimbo sasa, ila kauli yake haijahitaji fimbo. Anasikiliza taarifa ya habari saa saba na anabishana nayo. Juzi aliniuliza kama bado unashona suti za wanaume au umehamia sare za shule. Nikasema sare. Akafurahi, akasema sare ni kazi ya uhakika, watoto hawaishi kukua.

Kuhusu Kapteni, ningependa ufikirie upya. Wewe una miaka arobaini na mbili, na mtu anakuita kwa jina lako uje urekodi. Si jambo la kila siku. Huenda hakukusudia ubaya wakati ule. Jalada la kanda hupitia mikono mingi kabla ya kufika dukani, na kosa linaweza kutokea popote. Yaliyopita si ndwele.

Nenda, mdogo wangu. Nakuomba.

Kaka yako


27 Februari

Kaka,

Tangu lini ukawa wakili wa Kapteni? Hujawahi hata kumwona. Hujawahi kumwona Kapteni, hujawahi kuniona mimi nikiwa na gitaa mbele ya watu, halafu leo unaniomba. Sikulaumu, lakini naona umesahau mambo, kwa hiyo nakukumbusha.

Mpole alipasuliwa tumbo wiki ile ya kurekodi. Studio ilishakodiwa siku tatu. Kapteni aliniita akaniambia, "Piga kama Mpole, wimbo usijue mtu kabadilika." Siku ya kwanza nikapiga kama Mpole. Siku ya pili nikachoka kuwa Mpole. Nikapiga ninavyosikia mimi, nikiacha pengo pale ambapo yeye hujaza, nikishuka pale ambapo yeye hupanda. Kapteni akasimamisha wimbo. Nilidhani nimeharibu. Akasema, "Turudie zile za jana zote, na wewe piga hivyohivyo."

Siku ya tatu alichukua karatasi ya majina, akaandika mbele ya macho yangu: besi, halafu jina langu na la Baba. Akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu nilishamwambia kwamba kwetu mzee anajua mimi ni fundi cherehani. Nilimwambia andika. Kaka, nilikuwa na miaka thelathini na moja na nilikuwa tayari kwa lolote. Nilishatenga na nauli ya kuja kumletea Baba kanda hiyo mkononi.

Kanda ikatoka. Besi: Mpole.

Wewe mwenyewe ulilichapa jalada lile pale kiwandani kwenu. Sijawahi kukuuliza, kwa kuwa mpiga chapa hupanga anacholetewa. Sikumuuliza na Kapteni. Mtu akikunyang'anya kitu huku anakutazama, unamuuliza nini? Nilifunga gitaa kwenye mfuko wake nikaondoka bila kuaga.

Sasa sikia utamu wake. Ile kanda ndiyo iliyompa Mpole jina. Miaka minne baadaye nikaenda kujaribiwa na Nyota Tatu. Nikapiga wimbo mmoja, kiongozi wao akanipiga begani akasema, "Unamwiga Mpole vizuri sana, dada, ila jitahidi upate cha kwako." Nikasema ahsante. Walinichukua hivyohivyo. Kule chooni ndiko nilikolia, na sioni haya kukuambia.

Barua ya Kapteni nimeshaiandika, kurasa tatu. Humo nimemweleza yeye ni mtu wa namna gani, na bendi yake, na sauti yake ambayo imeanza kukwaruza. Akishaisoma hatanitafuta tena, si yeye wala yeyote anayemjua. Naiposti tarehe kumi, nikishapunguza matusi. Au nikishaongeza.

Mdogo wako,
Kaimu


4 Machi

Mdogo wangu,

Usiiposti barua ile. Hii nimempa dereva wa basi akuletee mkononi ili iwahi.

Kapteni hakukunyang'anya kitu. Karatasi ilifika mezani kwangu ikiwa vilevile alivyoiandika mbele yako: besi, jina lako, na jina la Baba. Ni mimi niliyelitoa. Nilikuwa peke yangu kwenye meza ya kupangia herufi. Nilishalipanga lote, likakaa pale kwenye fremu ya chuma, na jina la Baba likiwa chini ya jina la bendi ya dansi. Nikaliangalia kwa muda mrefu. Ilikuwa mwaka ule Baba aliosema mbele ya wajomba wote kwamba mtoto wake akipanda jukwaani asirudi kwake hata kwa maziko. Nikafikiri kanda itauzwa, jirani atainunua, atamletea. Nikafikiri nitakupoteza. Mpole nilimjua kwa majalada ya nyuma, kwamba ndiye mpiga besi wa bendi ile. Nikazichomoa herufi zako moja moja nikaziweka zake. Kiongozi wa kazi alipouliza kama tayari, nikasema tayari.

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa miaka yote hii, na ni ya kweli. Lakini si yote. Unakumbuka lile gitaa ulilojifunzia lilikuwa la nani. Baba aliponiambia niliache, niliacha siku hiyohiyo, nikakupa wewe nikidhani utalichezea wiki mbili. Mimi nilitii. Wewe hukutii, na jina lako ndilo lililokuwa likija kuchapwa. Niliona wivu. Nimeandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine nikalichana, hapa naliacha.

Ulipoondoka kwa Kapteni nilitaka kukuambia. Kisha ukaingia bendi nyingine, ukaandika kwa furaha, nikaona kidonda kimepona. Sikujua habari ya Nyota Tatu mpaka uliponiandikia juzi.

Nenda kwa Kapteni. Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Nakuomba usimchome mtu asiye na kosa.

Kaka yako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Wiki ya saba hii sijapata neno kutoka kwako. Dereva ananiapia kwamba barua alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisoma umesimama palepale kituoni, kisha ukamuuliza basi la kwenda upande wa pili linaondoka saa ngapi. Hakusema ulipanda.

Baba anauliza mbona kimya. Nimemwambia ni msimu wa sare. Hata huo uongo sasa unanichoma mdomo.

Andika hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Kaka yako


11 Mei

Kaka,

Matusi nilikuwa nayo. Yale ya Kapteni yalikuwa yameshaandikwa vizuri na hayakuwa na wa kumpelekea, kwa hiyo nilibadilisha jina la juu tu nikakuandikia wewe. Kurasa tatu zikawa saba. Zipo ndani ya mfuko wa gitaa. Sitazituma, lakini sijazichoma, ujue hivyo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka kumi na moja nimemchukia mtu wa watu, nikiingia bendi nyingine namtafuta yeye ndani ya kila kiongozi: nani ataninyang'anya hapa. Mara mbili nilikataa kurekodi. Hukujua hilo. Bendi ya tano na bendi ya sita walinitaka studioni nikasema naumwa, kwa sababu sikutaka kuona tena jalada likitoka. Hiyo ndiyo hasara, Kaka, kama unataka kuijua ukubwa wake. Nimepiga miaka ishirini na mbili na sauti yangu imo kwenye kanda moja, kwa jina la mtu.

Nilipanda lile basi. Kapteni sasa anakaa nyuma ya duka la dada yake, vyumba viwili, chumba kimoja cha vyombo na kingine cha mtu, na cha vyombo ndicho kikubwa. Alinifungulia akiwa na sabuni usoni, anajinyoa. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, akadhani nimekuja kuomba maji. Tulikaa mpaka sabuni ikamkaukia. Unajua alidhani nini siku zote? Aliona jalada limebadilika, akajua nimeogopa mzee, nikamwendea mpiga chapa kimyakimya jina litolewe. Akaona kuniuliza ni kunitia aibu. Akanyamaza kwa adabu. Mimi nikanyamaza kwa hasira, wewe kwa woga. Bendi nzima ya wanyamavu, na mimi naambiwa nimepiga na kila aina ya bendi.

Akataka jalada la zamani lichapwe upya, jina langu lirudi. Nimekataa. Usifikiri ni upole. Nilikwenda kumwona Mpole kwanza, na alinikaribisha huku mkewe akimshikia kikombe, vidole havishiki. Aliniambia mwenyewe, hakusubiri nimuulize. Alitoka hospitali akakuta watu wanamsifu kwa kanda ambayo hajapiga, na kila ukumbi wanamtaka apige kama kwenye kanda. Akakaa chumbani na redio miezi mitatu akajifunza mapengo yangu yote, pale ninaposhuka, pale ninaponyamaza. "Nilikuwa nakusubiri uje unidai," akasema. Kaka, kumbe miaka kumi na moja yule mtu ndiye aliyekuwa kaimu wangu. Nilicheka, na yeye akacheka, mkewe akabaki anatushangaa. Siwezi kumwondoa pale. Alinishikia vizuri.

Lakini kanda mpya ni yangu. Tumefanya mazoezi wiki nne, kila siku tangu saa nne asubuhi, na nakuambia bila kupunguza: sijawahi kupiga hivi. Sikai nafasi ya mtu. Kapteni akiimba anageuka kunitazama ajue aende wapi. Nyimbo mbili ni zangu mwenyewe. Tunaingia studio tarehe tano Juni.

Kapteni anataka jalada lichapwe kwenu, na mimi nimekubali. Herufi utazipanga wewe kwa mkono wako. Nataka jina langu lote, na la Baba ndani yake. Ni langu, nilipewa kabla sijajua kulia kwa mpangilio. Ila kabla hujagusa herufi hata moja, utamwambia Baba. Si kwa barua, wala usimtume wifi. Utakaa mbele yake umwambie nafanya nini na tangu lini, na umpigie ile kanda ya zamani aisikie. Ningekuja mwenyewe, lakini nikija mimi atanitazama mimi, hatasikiliza. Na hii kazi ni yako, uliianza wewe.

Ukishindwa, niambie kabla ya tarehe moja. Nitawaambia waandike Kaimu tu, mtu asiye na kwao, na mimi na wewe tutabaki kutumiana salamu za sikukuu.

Sijakusamehe. Naendelea.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Tarehe moja imepita, na najua umehesabu siku. Nilimwambia Baba tarehe ishirini na nane. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nasubiri jibu lake, na jibu lake lilichukua siku nne.

Nilimwendea baada ya taarifa ya habari. Nilisimama, akaniambia nikae, nikaona afadhali kusimama. Nikamwambia hakuna sare, hakuna suti, kuna gitaa la besi, miaka ishirini na mbili. Aliuliza swali moja: "Na cherehani?" Nikamwambia unayo, unajishonea nguo za jukwaani. Akaniambia nitoke.

Siku mbili hakusema na mimi. Alikula, alisikiliza redio, alimsalimia wifi yako kwa heshima zote, na mimi nikipita anaangalia ukuta. Siku ya tatu asubuhi nikakuta redio kaseti imewekwa katikati ya meza na kiti kimoja kimevutwa. "Ilete," akasema.

Nikaiweka. Kapteni alipoanza kuimba, Baba akauliza kama huyo ndiye wewe. Nikamwambia huyo ni mwanamume. Akasubiri. Solo ilipoingia akainua kidole: "Huyu." Nikamwambia hapana, wewe ni ile ya chini. Akainamisha kichwa, akaziba sikio moja, akabadilisha, akaziba jingine. Hakukusikia. Mdogo wangu, nilitamani nipasuke. Nimekuficha miaka yote, na sasa nimekutoa nje na huonekani. Nikamshika mkono, nikaulaza juu ya redio, kiganja chote. Akakaa hivyo. Baada ya muda nikaona kidole gumba kimeanza kwenda. Sehemu zile unaponyamaza nacho kilisimama, na ukirudi kinarudi. Kanda ikaisha upande mmoja, akaigeuza mwenyewe.

Kisha akavaa miwani, akachukua jalada, akasoma majina yote kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akisoma ripoti zetu za shule. Akauliza jina liko wapi. Nikamwambia nililitoa. Akauliza ni nani aliyenituma. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, kwa hiyo nilisema ukweli. Nikasema, "Wewe, Baba."

Alikaa na jalada mkononi mpaka wifi yako akaja kutuita tule, na hakuja kula. Jana, siku ya nne, alikuja kiwandani kwa miguu, na fimbo yake, umbali wote ule. Hajawahi kufika hapa tangu nilipoajiriwa. Kijana wa mashine akazima mashine kwa heshima. Baba akaniambia nimwonyeshe jina lako linavyokaa. Karatasi ya Kapteni ilishafika juzi, nami nilikuwa sijaigusa. Nikapanga herufi zako akiwa amesimama pembeni yangu, jina lako kisha lake. Akainama akalitafuta, akaniambia halisomeki. Nikamweleza kwamba kwenye meza herufi husomeka kinyume, karatasini zitakaa sawa. Akaniambia nipige nakala moja. Nikapiga. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mlangoni aligeuka akanipa ujumbe wako. Nauandika kama alivyousema, neno kwa neno, sikutoa wala kuongeza:

"Mwambie apige kwa nguvu. Mpaka niweke mkono ndio nimsikie mwanangu?"

Kaka yako